Rejeta ya gari langu ilikuwa ya gari jingine

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja ameandika kwamba magari ya zamani yaondolewe barabarani, kwa sababu kila akipanda kutoka Pakwach kwenda Nebbi, huku kwetu kaskazini-magharibi mwa Uganda, hukuta mawili matatu yamesimama kando, boneti wazi, dereva na jerikeni mkononi. Nilisoma barua hiyo nikacheka, kisha nikaona haya, maana huenda mmoja wa aliowaona ni mimi. Kwa karibu mwaka na nusu sikuwahi kupanda pale na mzigo bila kusimama. Watoto wa kando ya barabara walinizoea. Wakisikia mlio wa gari langu wanakuja na maji kabla sijawaita, na bei ya jerikeni ilipanda kadiri shida yangu ilivyozidi.

Lakini gari langu halikuwa linachemsha kwa uzee. Lilichemsha kwa sababu rejeta, ile inayopoza maji ya injini, haikuwa yake, na mimi mwenye gari sikujua. Naomba nafasi nieleze nilivyokuja kujua, kwa sababu naona wengi wanafungua injini nzima kutafuta ugonjwa ambao uko mbele yao, umepakwa rangi nyeusi.

Mimi ni mwanamke wa miaka 58, nauza samaki wakavu Arua. Nanunua muziri na ragogi, samaki wadogo wa Ziwa Albert, pale Panyimur, napandisha magunia mpaka Arua, mengine yanavuka mpaka kwenda Kongo. Gari ni Toyota Land Cruiser ya mwaka 1994, ile ndefu ambayo abiria wa nyuma hukaa wakigusana magoti. Marehemu mume wangu na mimi tuliinunua mnadani, shirika moja la misaada lilipofunga kazi zake. Injini ni 1HZ, dizeli, silinda sita, lita 4.2. Wanaoijua wanaijua. Kwa miaka mingi mshale wa joto ulikaa chini kidogo ya nusu, ukiwa na gunia moja au ishirini, ukasahau kabisa kama upo.

Shida ilianza na tone. Asubuhi moja nikakuta chini ya gari doa jekundu, lina harufu tamu tamu. Nikapeleka gari gereji moja mjini, sitaitaja. Wakaniambia rejeta imetoboka, waachie siku nne. Siku ya tano nikalichukua, rejeta inang'aa kama kiatu cha mwanajeshi. Nikalipa, nikashukuru. Safari ya kwanza na mzigo, tulipoanza kuuacha mto Nile nyuma na kupanda, mshale ukainuka. Ukapita nusu. Kijana wangu aliyekuwa akiendesha akanitazama, nami nikamwambia endelea, labda ni geji. Haikuwa geji.

Baada ya hapo nimelipia kila kitu, Mhariri. Nimelipia pampu ya maji. Nimelipia gasketi ya silinda hedi, ambayo fundi mwenyewe alipoitoa alikiri haikuwa imeungua. Nimelipia mikanda. Kila fundi aliinama, akagonga hapa na pale, akanyanyuka na hukumu ileile: "Mama, injini imechoka, tafuta gari jipya." Gari jipya! Tangu mwaka 2018 sheria imezuia kuingiza nchini gari lililozidi miaka 15 tangu litengenezwe, na yaliyo chini ya hapo bei zake si za mtu wa magunia ya muziri. Haya tuliyo nayo ndiyo haya.

Aliyenifungua macho si fundi. Ni mzee mmoja dereva wa misheni, anaendesha gari pacha wa langu, mwaka mmoja mbele. Alinikuta nimesimama Nebbi mjini, injini inapoa, mimi nimekaa juu ya gunia. Akasema, "Dada yangu, hebu nione." Akatazama rejeta kwa muda bila kugusa kitu, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Gari lako ni la gia za mkono au otomatiki?"

"La mkono, mzee. Tangu siku ya mnada."

"Basi hii midomo miwili huku chini ni ya nini?"

Nikainama. Chini ya rejeta, kwenye tangi la chini, kulikuwa na midomo miwili midogo, kila mmoja umezibwa kwa boliti na utepe mweupe. Nilikuwa nimeitazama mara mia nikidhani ni ya kumwagia maji. Mzee akanieleza. Kwenye gari la otomatiki, mafuta ya giaboksi hupata joto sana, kwa hiyo kiwandani huyapitisha kwenye kipoza kidogo kilichofichwa ndani ya tangi la rejeta. Yanaingia mdomo mmoja, yanatokea wa pili. Gari la gia za mkono halina kazi na midomo hiyo. Rejeta yangu, kwa maneno mengine, ilikuwa imetoka kwenye gari la mtu mwingine, lenye injini nyingine, na aliyeniwekea alijua, la sivyo asingeziba kwa boliti.

Tukapanga tukutane Arua Jumapili, magari yote mawili yamelala usiku kucha na injini baridi. Hapo niwaonye wasomaji: mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa moto, hata kwa kitambaa kinene. Nimeona uso wa mtu aliyejaribu.

Tuliyaegesha ubavu kwa ubavu uani kwangu. Mzee akafungua mfuniko wa rejeta yake, akanipa tochi, akaniambia nichungulie shingoni. Maji yakipungua kidogo unaziona ncha za mirija, bapa, zimepangwa kama mbegu za boga juu ya ungo. Nikahesabu mistari mitatu kutoka mbele kwenda nyuma. Tukaja kwangu: miwili. Nikadhani tumemaliza kesi, lakini mzee akanizuia. Akasema kuhesabu mistari peke yake kunadanganya, kwa sababu rejeta za alumini huwa na mirija mipana zaidi, na mistari miwili ya alumini inaweza kufanya kazi ya mitatu ya shaba. Toyota wenyewe kwenye magari ya baadaye wanatumia alumini na matangi ya plastiki, na hakuna anayelia. Nilimheshimu kwa hilo. Mafundi walionitoza hela hawakuwahi kuniambia jambo lolote linalopunguza uzito wa hoja yao.

Basi tukaendelea. Nikaingia ndani nikaleta kisu changu cha samaki. Kwenye rejeta ya misheni, mahali pasipoonekana kwenye ukingo wa tangi la juu, nikakwangua rangi kidogo tu, pakatokea manjano: shaba, na ukingo umeunganishwa kwa risasi, unaona alama ya lehemu imetambaa. Kwangu nikakwangua tangi, kisu kikatoa unyuzi mweusi, mlaini, ukajikunja kama ganda la kitunguu. Plastiki! Tangi zima ni plastiki iliyopakwa rangi ili lifanane na la chuma. Ukitazama pembeni unaona safu ya meno madogo ya alumini yameubana ukingo wa tangi. Meno hayo ukiyajua mara moja huyasahau tena. Chini ya kibandiko kilichochanika kwenye rejeta ya mzee kulikuwa na neno NIPPONDENSO, jina la kampuni ya Kijapani iliyoitengeneza. Hilo nalo linasema umri wake: kampuni hiyo ilibadili jina kuwa Denso mwaka 1996, kwa hiyo ukikuta jina refu kwenye gari la 1994 au 1995, unaamini kitu hicho kilizaliwa na gari. Ukikuta jina fupi kwenye gari la 1994, mtu amekwisha kubadilisha. Si lazima awe amekosea, ila amebadilisha.

Kisha upana. Rejeta yangu ilikuwa fupi kwa vidole vinne. Pengo lililobaki ubavuni lilizibwa kwa kipande cha mpira wa tairi. Na kwa kuwa rejeta haikulingana na ile kava kubwa ya plastiki inayozunguka feni, kava ikatupwa. Kava hiyo watu huidharau, wanadhani iko pale kuzuia vidole. Kazi yake ni kuilazimisha feni ivute hewa kupitia rejeta yote. Ikiondolewa, feni inavuta hewa kutoka pembeni, ile iliyokwisha kupata moto wa injini, na inapoza kiduara tu katikati. Ukiwa tambarare unakwenda mbio, upepo wa barabara unakusaidia hujui lolote. Ukipanda na magunia kwa gia ya pili, upepo hakuna, mzigo wote uko kwa feni. Ndiyo maana gari langu lilikuwa zima Arua na mgonjwa Nebbi, na mafundi waliolijaribu mjini hawakuona kitu.

Feni yenyewe walikuwa wamenifanyia kitu kingine. Kutoka kiwandani, feni ya gari hili imekaa kwenye klachi yake, duara la alumini lenye mapezi, mbele lina springi ndogo iliyojikunja kama konokono. Ndani yake kuna mafuta mazito ya silikoni. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa moto, springi inajisokota, inafungua njia, mafuta yanashika, feni inakaza mwendo. Hewa ikiwa baridi feni inalegea, injini haibebi kazi bure. Ya mzee, injini ikiwa imezimwa, ukiizungusha kwa mkono inagoma kidogo kama mlango mzito. Yangu ilizunguka kama pia ya watoto, mafuta yamekwisha kuvuja, kuna weusi wa vumbi na mafuta umeganda nyuma yake. Hiyo sitawalaumu wale wa gereji, labda ilikufa yenyewe. Dawa ya wengi hapa kwetu ni kuifunga kwa boliti izunguke moja kwa moja siku zote. Inapoza, kweli, lakini kelele zake utazisikia Koboko, na dizeli utailipia.

Nilipofungua nyumba ya themostati, kile kidude kinachofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, sikukuta kitu. Tupu. Hili linaniudhi kuliko yote kwa sababu kila fundi anasema nchi ya joto haihitaji themostati, na anasema kwa uhakika wa mtu anayesoma aya. Kwenye injini ambayo maji yana njia ya mkato ya kurudi ndani bila kupitia rejeta, themostati ina kisahani cha chini ambacho huifunga njia hiyo maji yakishapata moto. Ukiitoa, mkato unabaki wazi wakati wote. Sehemu ya maji yanazunguka ndani ya injini, moto juu ya moto, yasione rejeta hata kidogo. Kwa hiyo aliyeitoa ili injini ipoe, ameipunguzia maji yanayokwenda kupozwa. Themostati halisi ina namba ya joto imegongwa kwenye chuma chake, na kijitundu chenye kipini kinachocheza, cha kupitisha hewa. Kipini kile unakielekeza juu unapoifunga.

Na mfuniko. Mfuniko wa rejeta yangu ulikuwa na mpira uliopasuka na hakuna namba juu yake. Wa mzee uliandikwa 0.9, kipimo cha shinikizo ambalo mfuniko hulishikilia. Mume wangu alikuwa mtu wa hesabu, angependa hili: Arua iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji katika sufuria wazi hapa huchemka karibu nyuzi 96, si 100. Mfuniko wa 0.9 ukishikilia vizuri, maji hayohayo hayachemki mpaka karibu nyuzi 116. Mfuniko mbovu unakuibia nyuzi 20 zote hizo kwa mkupuo. Kitu cha bei ya kuku.

Wapo wanaosema "kupoza" wakimaanisha kiyoyozi. Langu halina na halikuwahi kuwa nacho. Ukitaka kujua lako lilizaliwa nacho, tafuta kibandiko chini ya boneti kinachotaja gesi, R12 kwa yale ya zamani na R134a kwa yaliyofuata, kisha tazama kama mbele ya rejeta kuna rejeta ya pili nyembamba. Mimi nina madirisha.

Sasa jambo ambalo nilitaka hasa lisomwe. Nilipoamua kutafuta vitu halisi, nilikwenda na karatasi. Ukifungua boneti, kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi kuna kibati. Kimeandikwa modeli, injini, na namba ya fremu. Langu linaanza na HZJ75: HZ ni injini, J ni Land Cruiser, 75 ni umbo refu. Kibati hakikuambii rejeta ni ipi, lakini muuza spea mwenye katalogi akipewa modeli kamili pamoja na mwezi na mwaka wa kutengenezwa, anaipata. Nakili yote, hata herufi za mwisho unazoona hazina maana. Na namba za Toyota zina tabia, nilijifunza kwa kuwauliza wauzaji mpaka wakanichoka. Rejeta huanza na 16400. Mfuniko wake 16401. Pampu ya maji 16100. Klachi ya feni 16210. Kava ya feni 16711. Mpira wa juu 16571, wa chini 16572. Themostati ni ukoo mwingine, 90916-03 na kuendelea. Muuzaji akikuletea boksi la klachi ya feni halianzi na 16210, muulize kwa nini, kwa upole. Kule Kisekka, soko la spea Kampala, kijana mmoja aliniita "mama injinia" kwa dhihaka, lakini akarudisha boksi ndani akaleta jingine.

Rejeta niliipata kutoka kwenye Land Cruiser ya aina hiyohiyo iliyopinduka, shaba, mistari mitatu, matangi mazima. Nikamtafuta fundi wa kuunga rejeta, mzee anayefanya kazi chini ya mwembe, akaifungua juu na chini akapitisha fimbo nyembamba kwenye kila mrija. Uliotoka humo ni unga mweupe, kama ule wa ndani ya birika, maana watu wanajaza maji ya kisima miaka na miaka. Sasa natia maji ya kupozea mekundu yaliyochanganywa na maji safi nusu kwa nusu, na jerikeni ninayoibeba ni ya kunywa.

Nina ombi kwa wenye minada. Mashirika yanayouza magari yao yana vitabu vya matengenezo, kila kitu kimeandikwa, tarehe na kilomita. Siku ya mnada mnunuzi anapewa ufunguo na kadi, kitabu kinabaki kabatini au kinachomwa. Mpeni mnunuzi kitabu. Kwa wenye gereji: mkibadilisha kitu, mwenye gari arudishiwe cha zamani, hata kama kimetoboka. Rejeta yangu ya kwanza ilikuwa na tundu moja. Ya shaba, inayozibika kwa lehemu ya nusu saa. Iko wapi leo, na imepoza injini ya nani?

Msomaji mwenzangu aliyeudhika barabarani, naelewa. Nami nimekaa pale kilimani jua la saa nane likinichoma, nikinusa muziri akianza kuharibika. Juzi nimepanda na magunia 22, kijana wangu usukani, mimi macho kwenye mshale. Watoto wa jerikeni walikimbia na maji yao mpaka barabarani, tukawapita. Mmoja alipiga kelele kwa Kialur ambayo sitaitafsiri gazetini.

Ile rejeta ya plastiki bado ninayo, na boliti zake mbili. Kama kuna msomaji mwenye gari la otomatiki aliyeacha gari mjini siku nne akarudishiwa likiwa na rejeta isiyo na midomo ya mafuta ya giaboksi, huenda yake iko uani kwangu, nyuma ya magunia. Aje na kibati cha gari lake tulinganishe.

Mfanyabiashara wa samaki,
Arua
(jina limehifadhiwa)